Vidole Vinapokufa Ganzi Usiku

Mwenzetu mmoja katika kikundi cha maombi alikuwa akiamka usiku wa manane na kukung'uta mkono kama anayefukuza siafu. Kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete vilikufa ganzi; kidole cha mwisho kilikuwa kizima. Mchana aliangusha vikombe. Baadhi yetu tulisema ni presha, wengine wakanong'ona kwamba amerogwa. Tulimwombea, na hatujutii, ila tulichelewa kumpeleka hospitali.

Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba iliyofunikwa na ukano mgumu. Humo hupita mshipa wa fahamu pamoja na kano tisa za vidole. Pakivimba kidogo tu, mshipa hubanwa. Kidole cha mwisho husalimika kwa kuwa mshipa wake hupita kwingine. Sisi wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, hasa wajawazito (wengi wao hupona baada ya kujifungua), wenye kisukari, na wale ambao tezi ya shingo imelegea.

Matibabu huanza na banzi la kunyoosha kifundo, linalovaliwa usiku kwa wiki kadhaa. Ipo pia sindano ya steroidi. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba baada ya wiki 6 waliochomwa sindano walikuwa na nafuu kuliko waliovaa banzi. Baada ya miezi 6 tofauti hiyo haikuwapo tena. Tunalisema hili wazi, maana wapo akina mama wasioamini dawa isiyo sindano!

Hali ikiwa mbaya, ukano hukatwa ili mshipa upate nafasi. Siku hizi upasuaji huo waweza kufanywa kwa tundu dogo na kamera, na mgonjwa hurudi kazini mapema kidogo. Ule wa zamani nao huponya vilevile. Jambo jipya linalotufurahisha ni ganzi iliyochanganywa na adrenalini: mgonjwa huwa macho, mkono haufungwi mpira wa kuzuia damu, na jioni yuko kwake.

Kinachoogopesha ni kungoja. Mshipa ukibanwa mno, nyama iliyo chini ya gumba husinyaa, na huenda isirudi. Mwenzetu alipasuliwa baada ya miaka miwili. Usingizi ulirudi upesi, lakini kufunga vifungo vya shati la mwanawe bado kunamtaabisha.