Nani Atapiga Hesabu za Meli Zetu?

Mwanafunzi wa Kamunyonge, mjini Musoma, amezoea kuona mitumbwi ya mbao iliyoundwa na mafundi wa huku huku ziwani. Meli kubwa zina historia nyingine. William Mackinnon ililetwa vipande vipande kutoka Uskoti, ikashushwa majini Kisumu mwaka 1900. MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ililetwa vivyo hivyo. MV Mwanza, iliyoshushwa mwaka 2023, iliundwa Mwanza kwenyewe, lakini chini ya mkandarasi kutoka Korea Kusini.

Kuunga mabamba ya chuma si kusanifu. Msanifu hukokotoa mahali pa kitovu cha uzito. Kikipanda mno, meli hupinduka. Hesabu hiyo huhakikiwa kwa jaribio: uzito unaojulikana huhamishwa kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, na timazi hupima mwinamo. Msiba wa MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, hauturuhusu kulidharau somo hili.

Stadi hii haihifadhiwi kabatini. Meli kubwa ikiagizwa mara moja katika miaka mingi, msanifu kijana hukosa kazi, huhamia fani nyingine, na maarifa huondoka naye. Kwa hiyo tegemeo letu ni kazi ndogo zisizokatika: vivuko, kama vile viundwavyo na karakana ya Songoro Marine huko Mwanza, na kupima upya kila chombo kilichobadilishwa umbo.

Mwalimu aweza kuanza kwa karai la maji, kopo na kokoto. Kokoto zikiwa chini, kopo husimama. Zikipandishwa juu, hupinduka. Wanafunzi na waulize kwa nini.