Neno "Mbegu" katika Elimu ya Bioteknolojia ya Mimea

Katika vyuo vikuu vya Tanzania mwanafunzi wa bioteknolojia ya mimea hufundishwa kwa Kiingereza, bali wakulima atakaowatumikia wengi wao husema Kiswahili. Aghalabu hudhaniwa kwamba taabu yake itakuwa katika maneno mageni, kama seli, virusi na jeni. Lakini maneno hayo hayana hatari kubwa, kwa kuwa asiyeyajua huuliza maana yake. Lenye hatari zaidi ni neno lijulikanalo na kila mtu, nalo ni mbegu.

Neno hili lina maana tatu. Kwanza, ni punje itokayo katika tunda au suke. Pili, ni kitu chochote kipandwacho: mkulima wa muhogo huviita mbegu vipande vya shina, na wa viazi vitamu huyaita hivyo marando yake. Tatu, ni aina ya mmea, kama isemwapo kwamba mbegu fulani hukomaa upesi. Shambani maana hizi hazigombani. Katika maabara kila moja ina kazi yake.

Maana ya pili ndiyo ihusuyo ukuzaji wa tishu. Mwaka 1902 Gottlieb Haberlandt, mtaalamu wa Austria, alitoa rai kwamba seli za mmea zaweza kukuzwa nje ya mmea wenyewe. Mwaka 1952 Wafaransa Georges Morel na Claude Martin walikata ncha changa za mimea ya dahlia iliyougua, wakapata mimea isiyo na virusi. Mwaka 1957 Folke Skoog na Carlos Miller, huko Marekani, walionyesha kwamba uwiano wa homoni mbili, oksini na saitokinini, ndio uamuao kama tishu itatoa mizizi au machipukizi. Kwa njia hii ncha isiyofikia milimeta 1 hulishwa chumvi, sukari na homoni ndani ya chupa, ikawa mche mzima. Mche huo ni safi, lakini tabia yake ni ile ile ya mama yake.

Maana ya tatu ni habari nyingine. Mwaka 1936 H. H. Storey, akiwa Amani katika Tanganyika, alieleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao huozesha mizizi ya muhogo ardhini. Huko Amani muhogo ulichanganywa na jamaa yake, mti wa mpira wa Ceará, ili kupata aina zenye ukinzani. Kazi hiyo yahitaji mbegu kwa maana ya kwanza: punje za tunda hupandwa, na kila punje hutoa mmea ulio tofauti na wazazi wake.

Basi mtaalamu akimwambia mkulima, "Hii ni mbegu bora kutoka maabara," amesema nini? Huenda ni mche uliosafishwa tu. Mkulima akidhani kuwa ni aina yenye ukinzani, ataupanda kando ya muhogo mgonjwa. Inzi weupe watauambukiza, naye ataona kwamba amedanganywa. Mwingine atadhani kwamba jeni zake zimebadilishwa, aukatae, hali uhandisi jeni ni kazi mbali kabisa na usafishaji huo.

Dawa ya jambo hili si kulifukuza neno mbegu, ambalo wakulima wanalo tangu zamani, bali ni kulipa sifa iliyo wazi: mbegu iliyosafishwa, mbegu yenye ukinzani, mbegu iliyobadilishwa jeni. Yafaa mwanafunzi ajizoeze kutenga maana hizi kwa Kiswahili angali chuoni, kama ajizoezavyo kushika kisu na chupa. Akishindwa kumweleza mkulima kwa nini mche safi waweza kuugua tena, kazi yote ya maabara itapotea katika msimu mmoja.