Mbu Mzee Ndiye Hatari: Hesabu za Malaria Kutoka Mauritius Hadi Kinyerezi

Si kila mbu anayeuma anaambukiza malaria. Kwanza lazima awe jike la Anopheles. Pili, lazima awe amekwisha kumnyonya mtu mwenye vimelea. Tatu, na hapa ndipo wengi wao wanapokwama, lazima aishi muda wa kutosha ili vimelea hivyo vikomae mwilini mwake na kufika kwenye tezi za mate. Katika joto la Dar es Salaam, ukomavu huo huchukua siku 10 hivi, na mbu wengi hufa kabla hazijatimia. Malaria huenezwa na wachache waliobahatika kuzeeka.

Jambo hilo ndilo lililoifungulia hisabati mlango wa hospitali. Kwa upande wa malaria, wa kwanza kuupita alikuwa daktari Mwingereza, Ronald Ross, ambaye mwaka 1897 huko India aliona vimelea vya malaria ndani ya mbu, na mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel. Mwishoni mwa mwaka 1907 alikwenda kisiwani Mauritius kutoa ushauri kuhusu malaria. Hoja aliyoikuta kila mahali ilikuwa moja: mbu hawamalizwi, kwa hiyo kupambana nao ni kupoteza fedha. Ross akajibu kwa milinganyo. Si lazima kuwamaliza, alisema. Kuna kiwango ambacho mbu wakipungua chini yake, kila mgonjwa ataambukiza chini ya mtu mmoja kwa wastani, na ugonjwa utafifia hata kama mbu wachache bado wapo.

Miaka ya 1950, George Macdonald wa London aliiendeleza hesabu hiyo na kuonyesha kwamba umri wa mbu una uzito zaidi kuliko idadi yao. Msomaji anaweza kuthibitisha kwa kikokotoo cha simu. Chukua mbu 100 waliomnyonya mgonjwa usiku mmoja. Ikiwa kila siku asilimia 90 ya waliopo wanaiona kesho yake, baada ya siku 10 watabaki 35 wenye uwezo wa kuambukiza. Shusha asilimia hiyo iwe 80, watabaki 11. Ishushe iwe 70, watabaki 3 tu. Lakini ukipunguza idadi ya mbu kwa nusu bila kugusa umri wao, uambukizaji nao utapungua kwa nusu, basi. Ndiyo maana chandarua chenye dawa kina nguvu kiasi kile. Mbu jike hutafuta damu kila baada ya siku mbili tatu, na kila anapoingia chumbani anakutana na kifo upya. Wachache mno watafikisha siku ya 10.

Jiji lenye mbu wa nje

Hesabu hiyo ina sharti moja: mbu aingie ndani. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba Anopheles gambiae wa jiji hili wanapendelea kuuma nje. Watafiti walipoingiza tabia hiyo kwenye hesabu, pamoja na saa ambazo watu huwa bado hawajalala, walikadiria kwamba chandarua chenye dawa kinamkinga mtumiaji kwa asilimia 59 hivi. Ni kinga kubwa, lakini inaacha pengo, na wakazi wa pembezoni mwa jiji wanalijua. Jioni ya Kinyerezi, mojawapo ya kata hizo za pembezoni, inaishia barazani, kijiweni na kwenye jiko la mkaa uani.

Pengo hilo lilijaribiwa kuzibwa kwa kuwafuata mbu walikozaliwa. Mpango wa kudhibiti malaria mijini ulianza mwaka 2004 katika kata 15 za Dar es Salaam. Machi 2006, kata tatu, yaani Buguruni, Mikocheni na Kurasini, zilianza kunyunyiziwa dawa ya viluwiluwi inayotokana na bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis israelensis, ambaye huua viluwiluwi bila kumdhuru binadamu. Kazi ilifanywa na wakazi wenyewe, mtaa kwa mtaa, wakifuata mipaka ya mabalozi wa nyumba kumi iliyochorwa juu ya picha za angani. Kila dimbwi lilikuwa na mtu wa kuulizwa.

Matokeo yakawa somo lingine la hisabati. Uchambuzi wa kwanza, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba unyunyiziaji ulipunguza uwezekano wa mkazi kukutwa na vimelea kwa asilimia 72. Uchambuzi wa mwaka 2013, uliotumia takwimu za kata zote 15 kuanzia 2004 hadi 2008, ulipata asilimia 21. Je, mmoja alidanganya? Hapana. Kipindi hicho malaria ilikuwa ikishuka jijini kwa sababu nyingine pia: vyandarua viliongezeka, na dawa mseto ya kutibu malaria ilishaingia vituoni. Uchambuzi wa pili ulikuwa na miaka mingi zaidi ya kutenganisha mchango wa dawa ya viluwiluwi na mteremko ambao ungetokea bila hiyo. Asilimia 21 haivutii kama 72, lakini ndiyo ya kupangia bajeti.

Tanzania iliiamini dawa ya viluwiluwi kiasi cha kuijengea kiwanda Kibaha, kwa teknolojia ya Cuba, na mwaka 2017 Rais John Magufuli akaziagiza halmashauri ziinunue. Swali likabaki: inyunyiziwe wapi?

Wastani unaoficha kata

Kitaifa, maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano yalikuwa asilimia 14 katika utafiti wa 2015/16 na asilimia 8 mwaka 2022. Ndani ya wastani huo kuna mikoa ya Kanda ya Ziwa na ya kusini inayoelemewa, na mikoa mingine ambako kumpata mtoto mwenye vimelea ni kazi. Mwaka 2020, Sumaiyya Thawer na wenzake, wakishirikiana na Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Malaria, walichapisha mgawanyo wa halmashauri zote 184 za Tanzania Bara kwa ngazi za hatari. Walitumia vipimo vya wagonjwa wa homa, vya wanafunzi, na vya wajawazito wanaopimwa malaria hudhurio la kwanza kliniki. Baadaye wakashuka hadi ngazi ya kata, wakakuta kwamba halmashauri nyingi zina mchanganyiko wa kata zenye hatari tofauti.

Kwa Dar es Salaam hilo ni jambo zito. Jiji lilikuwa na watu milioni 2.5 mwaka 2002, na sensa ya 2022 ilihesabu milioni 5.4. Ongezeko hilo halikukaa Kariakoo. Limesukumwa pembezoni, Kinyerezi ikiwamo, kata ambayo haikuwa miongoni mwa zile 15. Huku kuna mitambo ya umeme wa gesi na nyumba za vigae, lakini pia kuna misingi ya nyumba iliyojaa maji, mashimo ya mchanga, na bustani za mabondeni. Tafiti za jijini ziliyataja matuta ya mazao, maji yanapotuama kati yake, kuwa mazalia makubwa ya Anopheles. Ukiichanganya Kinyerezi na maghorofa ya katikati ya mji katika wastani mmoja, hutaiona.

Na hesabu yoyote ya kata inasimama juu ya mstari mmoja wa kitabu cha MTUHA, yaani rejesta ya wagonjwa, pale kituoni. Mgonjwa anayemeza dawa mseto ya dukani bila kupimwa hayumo humo. Mkazi wa Kinyerezi anayepimwa Tabata au Hospitali ya Amana huhesabiwa kule alikopimwa, isipokuwa anapoishi pameandikwa sawasawa. Kwa hiyo, ukishikwa na homa, pima kabla ya kumeza dawa, na ukiulizwa unakaa wapi, usiseme Dar es Salaam. Taja kata, taja mtaa. Nao madiwani wanapogawa fedha za dawa ya viluwiluwi, waulizwe wanatumia takwimu za kata ipi.