Mtaa Uliotungiwa Sheria

Anayepita Hampstead Garden Suburb, kaskazini mwa London, huona nyua za miti badala ya kuta, nyumba zilizoachiana nafasi, na haoni baa hata moja. Ni rahisi kudhani kwamba utulivu huo ni hulka ya Waingereza tu. Sivyo, ulipangwa. Henrietta Barnett, aliyeishi miaka mingi kati ya maskini wa Whitechapel, aliuanzisha mtaa huu mwaka 1907, baada ya sheria ya Bunge ya 1906 kuweka kikomo cha wastani wa nyumba 8 kwa ekari.

Wapo watakaosema mtaa huu umeumbwa na reli ya chini ya ardhi iliyofika Golders Green jirani mwaka huohuo wa 1907. Reli ilileta watu, kweli, lakini Golders Green yenyewe ilizaa barabara iliyojaa maduka, si utulivu. Pingamizi zito ni jingine: Barnett alitaka vibarua na matajiri wawe majirani, na leo kibarua hawezi kumudu bei ya nyumba za hapo. Sheria ilipima ekari, haikugusa bei. Kadiri ilivyoulinda uzuri wa mtaa, ndivyo ilivyowafukuza waliokusudiwa. Na ulinzi haujalegea: anayetaka kubadili madirisha ya mbele huomba kibali kwanza.