Juu ya Adhabu za Mungu na Msiba wa Jirani

Yako maswali ambayo watoto huyauliza bila woga, na wazazi huyaogopa. Mtoto asomapo habari ya Uza, aliyekufa kwa sababu alinyosha mkono kulishika Sanduku la Mungu lisianguke, huuliza, "Kosa lake nini?" Asikiapo habari ya vijana waliomdhihaki nabii Elisha, wakararuliwa na dubu, huuliza tena. Na habari ya Anania na mkewe Safira, walioanguka wakafa siku moja kwa sababu ya fedha za shamba, humtisha asipate usingizi. Mwalimu asiye tayari hujibu kwa ukali kwamba mambo ya Mungu hayaulizwi. Mtoto hunyamaza, lakini swali halinyamazi.

Kwetu Manzese swali hili si la darasani tu. Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa iliipiga Dar es Salaam. Bonde la Msimbazi likafurika, watu zaidi ya 40 wakafa, maelfu wakakosa makao, na Serikali ikawahamisha wengi mpaka Mabwepande. Tena mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka mjini, katika Kinondoni, ambayo wakati ule Manzese ilikuwa sehemu yake, kikaenea nchini. Hata kufika Aprili 2016 watu zaidi ya 20,000 walikuwa wameugua, na zaidi ya 300 wamekufa. Siku kama hizo hakosekani mtu wa kusema matangani, "Mungu amewapiga kwa dhambi zao." Mmoja humtaja Nuhu, mwingine huitaja Sodoma. Na mama aliyefiwa, aketiye mkekani, ayasikia yote.

Basi yatupasa tujue hadithi hizi zatufundisha nini, na nini hazitufundishi.

Ziko njia mbili zisizofaa. Ya kwanza ni kuzitupa. Ndivyo alivyofanya Marcion, aliyetengwa na kanisa la Roma mwaka 144, maana alifundisha kwamba Mungu wa Agano la Kale si Baba wa Yesu Kristo. Kanisa lilikataa, likakishika kitabu chote, pamoja na kurasa zake ngumu. Njia ya pili ni kuzishika hadithi hizi kama fimbo ya kumpigia jirani. Njia hii haijatengwa na mtu, nayo yatembea kati yetu hata leo.

HABARI YA UZA. Someni 2 Samweli 6, kisha msiishie hapo. Torati ilikuwa imeagiza kwamba Sanduku lichukuliwe mabegani na Walawi, kwa miti yake, wala lisiguswe. Lakini Daudi na wakuu walilipandisha juu ya gari jipya la ng'ombe, kama walivyofanya Wafilisti kabla yao. Uza alipokufa, Daudi alikasirika, tena akaogopa. Maandiko hayafichi kwamba hata mfalme mcha Mungu aliona jambo hili kuwa zito. Sanduku likakaa miezi mitatu nyumbani kwa Obed-edomu, na nyumba ile ikabarikiwa. Sasa fungueni 1 Nyakati 15, mwone Daudi alivyolieleza jambo lile baadaye. Hakusema kwamba Uza alikuwa mtu mbaya kuliko wenzake. Alisema kwamba hasira ilitupata sisi, kwa kuwa hatukumtafuta Mungu kwa taratibu yake. Angalieni neno hilo "sisi." Aliyekufa ni mmoja, lakini waliobaki hai walijihoji nafsi zao. Mfalme aliitafuta dhambi katika amri yake mwenyewe, si katika kaburi la Uza.

HABARI YA ANANIA NA SAFIRA. Wengi hudhani waliuawa kwa kutoa kidogo. Sivyo. Petro alimwambia Anania wazi kwamba shamba lilikuwa lake, na hata fedha zilipopatikana zilikuwa mkononi mwake. Kosa lilikuwa uongo, kutaka sifa ya mtu aliyetoa yote. Na fedha zile zilikuwa za nini? Matendo 4 yaeleza kwamba ziligawiwa wenye kuhitaji. Kwa hiyo habari hii yawahusu kwanza wale wanaoshika mali ya watu, yaani mweka hazina wa kanisa, mwenye sanduku la chama cha kuwekeana akiba, mzee akusanyaye michango ya mazishi. Nao wasomao wasisahau kwamba yule Petro aliyesimama pale aliwahi kumkana Bwana wake mara tatu, naye hakuanguka akafa, bali alisamehewa. Kwa nini mmoja alisamehewa na wawili wakafa papo hapo? Luka hasemi. Asema tu kwamba hofu kuu iliwapata kanisa lote. Hofu hiyo ilikuwa yao wenyewe juu ya nafsi zao.

HABARI YA DUBU WA BETHELI. Hii ndiyo ngumu kuliko nyingine. Tunaweza kusema kwamba Betheli ndipo Yeroboamu alipoweka ndama ya dhahabu, na kumdhihaki nabii pale kulikuwa kumkataa aliyemtuma. Tunaweza kusema pia kwamba neno la Kiebrania la vijana wale ndilo alilojitaja nalo Sulemani alipokuwa amekwisha kuwa mfalme, hivyo yawezekana hawakuwa watoto wadogo. Wala haikuandikwa kwamba wale 42 walikufa wote. Lakini hata tukisema hayo yote, ugumu unabaki, na mwalimu mwaminifu asione haya kukiri hivyo mbele ya darasa. Lililo baya ni kuichukua habari hii kuwatisha watoto wasimcheke mzee mwenye upara. Elisha huyo huyo, katika sura ya 6, alipoletewa jeshi la adui mkononi, alimkataza mfalme asiwaue, akaamuru wapewe chakula na maji warudi kwao. Mwenye kufundisha sura ya 2 na afundishe na ya 6.

HABARI YA GHARIKA NA YA SODOMA. Ndizo zitajwazo sana matangani. Katika habari ya Nuhu, kabla ya maji, twasoma kwamba Mungu alihuzunika moyoni, kwa kuwa dunia ilijaa jeuri. Na baada ya maji twasoma agano, lenye upinde wa mvua kuwa ishara yake, kwamba gharika haitaiharibu dunia tena. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba mafuriko ya Msimbazi ni gharika ya Nuhu imerudi, hamtetei Mungu, bali anamshuhudia kwamba amevunja ahadi. Na Sodoma je? Nabii Ezekieli, katika sura ya 16, anapoitaja dhambi ya mji ule, anaanza na kiburi, shibe na raha ya watu wasioutia nguvu mkono wa maskini. Hapo kidole kinawaelekea walioshiba, sio walioghariki.

Sasa tumsikie Bwana Yesu mwenyewe, Luka 13. Waliletwa kwake habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye akaongeza habari za mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18. Akauliza kama waliokufa walikuwa wakosaji kuliko wote wakaao Yerusalemu. Akajibu mwenyewe kwamba sivyo, kisha akawageuzia waulizaji, akawaambia watubu wao. Hakukana kwamba Mungu huhukumu. Alikataa kumpa mtu ye yote ruhusa ya kuisoma hukumu juu ya maiti ya mwenzake. Nao rafiki zake Ayubu, waliofanya kazi hiyo kwa maneno mazuri mengi, mwisho Mungu aliwakasirikia, wakahitaji kuombewa na yule yule waliyemshtaki.

Uko mfano wa mambo haya kutoka London. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika mitaa iliyo karibu na Broad Street. Tabibu John Snow alisema ugonjwa umo katika maji ya bomba la mtaa. Kasisi kijana wa mahali pale, Henry Whitehead, kwanza hakumwamini, akaenda nyumba kwa nyumba apate kumkanusha. Alikuwa akiwajua watu wake, naye aliwauliza walikunywa maji wapi. Mwisho aliona kwamba tabibu asema kweli, tena ndiye aliyegundua mtoto mchanga aliyeugua kwanza, ambaye maji ya nguo zake yalimwagwa katika shimo bovu karibu na kisima. Kasisi huyo alifanya kazi ya Mungu vema, maana aliwatafuta walio hai wasife.

Kwetu pia dhambi zipo, wala tusiseme hazipo. Mtu atapishapo choo chake wakati wa mvua, uchafu ukateremka mpaka uani kwa jirani aliye bondeni, hiyo ni dhambi. Atupaye taka mferejini, maji ya Mto Ng'ombe yakakosa njia, ametenda dhambi. Auzaye kiwanja mahali ajuapo kwamba maji hupita, akala fedha za mjane, amefanya lile alilolitaja Ezekieli. Lakini tazameni, mara nyingi afaye si yule aliyetenda. Hufa mtoto wa mpangaji aliyejenga au kupanga bondeni kwa kuwa hakupata penginepo kwa fedha aliyo nayo. Je, tutamwambia baba yake kwamba mtoto amelipa?

Basi, walimu na wazazi, shikeni mambo haya manne. Kwanza, someni hadithi yote, pamoja na sura ya mbele na ya nyuma. Pili, kila mara mwulize mtoto, "Habari hii yaniambia nini mimi?" wala si, "Yamhusu nani?" Tatu, msilolijua semeni hamlijui, Ibrahimu mwenyewe alimwuliza Mungu juu ya Sodoma mara kwa mara, wala hakukemewa. Nne, msibani msieleze sababu za Mungu. Rafiki zake Ayubu walifanya vema siku saba, walipokaa chini pamoja naye bila kusema neno; walianza kukosa walipofumbua vinywa.

Nanyi mvua za masika zinapokaribia, kabla hamjafungua kitabu kwa sala ya jioni, shikeni jembe na koleo, mkazibue mfereji ulio mbele ya nyumba yenu, na ule wa jirani asiye na nguvu.