ISTILAHI ZA KOROSHO MASASI NA NEWALA: KUTOKA MAABARA HADI SOKONI

1.0 Utangulizi

Makala hii inaeleza jinsi miundombinu ya pamoja ya taifa inavyouwezesha utafiti wa kisayansi kuzaa bidhaa. Mfano wetu ni korosho za Masasi na Newala. Tunadai kwamba Kiswahili ni sehemu ya miundombinu hiyo, sawa na maabara, barabara na ghala.

2.0 Usuli

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takribani tani 145,000 za korosho ghafi. Msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Miongoni mwa sababu ni bei ndogo, wakulima kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, na ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu unaoshambulia majani machanga na maua. Vimelea vyake huhitaji hadubini, na tiba yake huhitaji mashamba ya majaribio kwa miaka mingi. Gharama hizo si za mkulima mmoja, wala si rahisi kwa chuo kikuu kimoja. Kituo cha Naliendele, karibu na Mtwara, kilichoanzishwa 1970 na ambacho sasa kimo katika Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kiliibeba kazi hiyo kwa niaba ya taifa. Matumizi ya salfa na miche bora yalisaidia kulifufua zao. Msimu wa 2017/18 mavuno yalizidi tani 300,000.

3.0 Istilahi zilizobeba maarifa

Masasi na Newala husemwa Kimakonde, Kimakua na Kiyao. Maelekezo ya kituo yalihitaji lugha moja ya kuwafikia wote. Tuchunguze istilahi tatu.

(a) Ubwiriunga: neno ambatani. Sehemu ya pili, unga, inataja dalili ambayo mkulima huiona kwa macho yake.

(b) Salfa: neno la mkopo lililopewa irabu ya mwisho. Kiswahili kilikuwa na kibiriti upele, lakini jina hilo lilifungamana na tiba ya ngozi, nalo halikushika shambani.

(c) Kubebesha: kitenzi beba kilichonyambuliwa kwa kiambishi cha usababishi. Shina hubebeshwa kikonyo cha mti bora. Neno lenyewe linafundisha kazi.

4.0 Mipaka ya istilahi

Hata hivyo, neno pekee halitoshi. Kubangua ni neno linalofahamika na kila mkulima, na viwanda vya kubangulia vilijengwa Masasi na Newala. Lakini vingi vya aina hiyo nchini vilikaa miaka mingi bila kazi, na sehemu kubwa ya korosho ikauzwa nje ikiwa ghafi. Aidha, mwaka 2018 sheria ilibadilishwa, na fungu la ushuru wa korosho ghafi lililokuwa likirudi kuendeleza zao, utafiti ukiwamo, likaelekezwa Hazina. Kituo cha pamoja hudhoofu pale mfuko wake wa pamoja unapotikiswa.

5.0 Hitimisho

Tasnifu za kilimo katika vyuo vikuu vyetu huandikwa kwa Kiingereza. Baina ya tasnifu na mkorosho wa Newala husimama bwana shamba, anayelazimika kubuni istilahi papo kwa papo. Tunapendekeza kila tasnifu iambatane na ikisiri ya Kiswahili na orodha ya istilahi zake, zikaguliwe na wanaisimu pamoja na wakulima wenyewe. Mkulima aliyelipia utafiti kwa ushuru wa korosho zake anastahili kuusoma.