Tui, Mchele na Pilipili: Jinsi ya Kupika Nasi Lemak ya Wamalei Nyumbani

0. Utangulizi

Nasi lemak ni wali wa nazi wa Wamalei. Nchini Malaysia huliwa hasa asubuhi, pamoja na rojo zito la pilipili liitwalo sambal, dagaa waliokaangwa, karanga, tango na yai. Si chakula cha jana: Richard Winstedt, mtaalamu wa lugha na mila za Wamalei, alikitaja katika kitabu chake The Circumstances of Malay Life kilichotolewa mwaka 1909. Mnamo Desemba 2024, UNESCO iliuandikisha utamaduni wa kifunguakinywa wa Malaysia katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na nasi lemak ni mojawapo ya vyakula vilivyotajwa humo.

Makala haya yana shabaha mbili. Ya kwanza ni kueleza upishi wa chakula hicho kwa namna ambayo mtu ataweza kuufuata jikoni kwake. Ya pili ni kuonyesha kwamba Kiswahili kina maneno yake yenyewe karibu kwa kila hatua ya upishi huo. Jambo hili la pili lafaa kuzingatiwa na wanafunzi wa Kiswahili nchini Kongo, ambako mchele ni chakula cha kila siku lakini tui ni neno la kitabuni tu kwa wasomaji wengi.

1. Jina na maana yake

Kimalei hutofautisha hali tatu za nafaka hii: padi ni mmea na punje zenye maganda, beras ni punje zilizokobolewa, nasi ni chakula kilichoiva. Kiswahili hufanya vivyo hivyo: mpunga, mchele, wali. Kwa hiyo neno nasi halina uhusiano wa maana na nazi ya Kiswahili. Nazi kwa Kimalei ni kelapa. Kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi wa undugu wa maneno, na mfano huu wafaa kukumbukwa na kila anayeanza kujifunza isimu linganishi.

Neno lemak lina maana ya mafuta, na pia ladha nono ya kitu chenye mafuta, hasa tui. Nasi lemak basi ni «wali wenye unono». Zipo simulizi za watu zinazoeleza jina hili kwa njia nyingine. Inasimuliwa kwamba huko Malaka binti mmoja alimwaga tui katika chungu cha wali kwa bahati mbaya. Mama yake alipomwuliza amepika nini, akajibu «nasi le, mak», yaani «ni wali tu, mama». Simulizi hiyo yapendeza, lakini neno lemak lilikwisha kuwa na maana yake kamili bila msaada wa binti huyo. Jina lenyewe latosha kumfundisha mpishi: kiini cha chakula hiki ni mafuta ya nazi yaliyomo ndani ya wali, na vitoweo vyote vimewekwa ili kuujibu unono huo.

2. Tui

Mnazi hutoa tunda linalobadilika jina kwa kadiri linavyokomaa. Dafu hunywewa maji yake. Koroma haijakomaa vizuri. Nazi iliyokomaa ndiyo inayofaa kwa tui. Nazi huvunjwa, kisha hukunwa kwa mbuzi, yaani kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno. Wamalei wanacho chombo cha namna hiyohiyo, wakikiita kukur. Nazi iliyokunwa hutiwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa katika kifumbu au kitambaa safi. Maji meupe yanayotoka kwanza ni tui zito. Yanayotoka baada ya kutia maji mara ya pili ni tui jepesi. Makapi yanayobaki ni chicha. Kwa Kimalei tui ni santan, nalo pia hugawanywa kuwa zito na jepesi.

Tui si maji wala si mafuta: ni matone madogo sana ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, yakizuiwa na protini yasiungane. Tui likipata moto wa karibu nyuzi 80 za sentigredi na zaidi, protini hizo huanza kuharibika. Likichemshwa kwa nguvu na kwa muda mrefu, matone huungana na mafuta hujitenga. Hapo ndipo kosa la kawaida linapotokea. Mtu hutia tui lote zito chunguni tangu mwanzo, huwasha moto mkali, na mwishowe hupata wali ulioshika chini, wenye mafuta juu na kiini kigumu katikati ya punje.

3. Kupika wali

Kwa watu wanne huhitajiwa gramu 400 za mchele wa punje ndefu (karibu vikombe viwili vya mililita 250), nazi moja kubwa iliyokomaa, kijiko kidogo cha chumvi, kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, na majani mawili au matatu ya pandan yaliyofungwa fundo. Pandan ni mmea wa jenasi moja na mkadi wa pwani ya Afrika Mashariki, ingawa spishi ni tofauti. Harufu yake hutokana na kemikali ileile inayoupa mchele wa basmati harufu yake. Hivyo, anayekosa majani hayo aweza kutumia basmati, naye hatakuwa amepotea mbali.

Nazi iliyokunwa hukamuliwa kwanza kwa mililita 200 za maji ya uvuguvugu ili kupata tui zito, kisha kwa mililita 450 ili kupata tui jepesi. Mchele huoshwa mpaka maji yatoke meupe kidogo tu, hulowekwa kwa nusu saa na kuchujwa. Halafu hutiwa chunguni pamoja na tui jepesi, chumvi, tangawizi na majani, na huchemshwa kwa moto wa wastani mpaka maji yaonekane kutoweka juu ya mchele. Ndipo moto hupunguzwa kabisa, mililita 200 za tui zito hunyunyizwa juu ya wali na kuchanganywa mara moja kwa upole, na chungu hufunikwa vizuri. Baada ya dakika 15 chungu huepuliwa, na wali huachwa dakika 10 nyingine bila kufunuliwa, kisha hupangwapangwa kwa uma ili punje ziachane.

Wapishi wa zamani huko Malaysia hupika mchele kwa mvuke: huuivisha nusu, huuchanganya na tui, kisha huurudisha mvukeni. Wapishi wa pwani ya Waswahili hupalia wali makaa juu ya kifuniko ili moto uje toka juu na chini. Njia ni tofauti lakini sababu ni moja: tui zito lisiguswe na moto mkali wa chini ya chungu. Palipo na tui la kopo, mililita 200 huwekwa kando kuwa tui zito, na mililita 100 huchanganywa na maji mililita 350 kuwa tui jepesi.

4. Sambal

Katika sambal sheria hugeuka. Kinachoepukwa katika wali ndicho kinachotafutwa hapa: mafuta lazima yajitenge.

Pilipili nyekundu ndefu zilizokaushwa, 15 hadi 20, huondolewa mbegu, hulowekwa katika maji ya moto mpaka zilainike, kisha husagwa pamoja na vitunguu vidogo vyekundu vinane, punje mbili za kitunguu saumu na kijiko kidogo cha belacan. Belacan ni uduvi uliotiwa chumvi, ukachachushwa, ukapondwa na kukaushwa juani. Huchomwa kidogo kabla ya kusagwa, na jirani wote hujua kwamba imechomwa. Mililita 100 za mafuta hupashwa moto, kisha mchanganyiko huo hukaangwa kwa moto mdogo kwa dakika 15 hadi 20, ukikorogwa bila kukoma.

Alama ya kuiva haisomwi katika saa. Mwanzoni mchanganyiko hunywa mafuta yote. Maji yake yakiisha, mafuta mekundu hurudi na kuelea kandokando. Wamalei husema pecah minyak, yaani mafuta yamevunjika kutoka ndani. Sambal isiyofikia hapo hubaki na ukali mbichi wa pilipili na kitunguu, tena huharibika upesi. Baada ya hapo hutiwa kitunguu kimoja kilichokatwa pete, maji ya ukwaju mililita 100, vijiko viwili vikubwa vya sukari ya mnazi au sukari guru, na chumvi kidogo. Huachwa ichemke polepole mpaka iwe nzito. Ladha yapasa kuwa kali, tamu na chachu kwa pamoja, pasiwe na moja inayozitawala nyingine.

Kuwekwa kwa sambal kando ya wali huu kuna sababu ya kikemikali pia. Kiini cha ukali wa pilipili huyeyuka katika mafuta, hakiyeyuki vizuri katika maji. Kwa hiyo anayekunywa maji ili kupoza ulimi hupata nafuu ndogo, lakini tonge la wali wenye tui huuchukua ukali huo.

5. Vitoweo vingine na mpangilio wa sahani

Dagaa wa Wamalei, ikan bilis, ni samaki wadogo wa baharini waliochemshwa kwa maji ya chumvi na kukaushwa. Hukaangwa dakika tatu au nne mpaka wawe rangi ya dhahabu na kuvunjika kwa urahisi. Nusu yao yaweza kutiwa katika sambal. Karanga hukaangwa pamoja na maganda yake membamba. Mayai huchemshwa dakika 10 na kukatwa nusu. Tango hukatwa vipande vyembamba bila kupikwa.

Kila kimoja kina kazi yake. Dagaa huleta chumvi, karanga huleta mlio wa meno, tango huleta ubaridi na maji, yai hutuliza. Ukiondoa tango, sahani huwa nzito. Ukiondoa dagaa, hupwaya. Kwa desturi, wali hufungwa katika jani la mgomba kwa umbo la piramidi, na joto lake hulitoa jani harufu inayoingia katika chakula. Jani hupitishwa kwanza juu ya moto ili lilainike lisipasuke.

Tahadhari moja ni ya lazima. Wali uliopoa polepole na kukaa saa nyingi mahali pa joto huzaa bakteria ambao sumu yao yaweza kustahimili kupashwa moto tena. Tui nalo huchacha upesi. Wali huu huliwa asubuhi ileile uliyopikwa. Sambal iliyokaangwa vizuri ndiyo pekee inayoweza kupikwa siku chache kabla na kuwekwa katika friji.

6. Upishi huu katika jiko la Kongo

Mpunga uliingia Maniema katika karne ya 19, pamoja na wafanyabiashara wa pwani waliokaa Nyangwe na Kasongo. Njia ileile ndiyo iliyoleta Kiswahili. Mpunga ulipata udongo ukaota. Mnazi ulibaki pwani. Basi maneno ya mpunga yalipata kazi bara, na maneno ya mnazi hayakupata. Hata yale ya kwanza hayakubaki yote yalivyokuwa: mjini Lubumbashi ni kawaida kusikia mtu «amekula muchele», ambapo Kiswahili sanifu husema wali. Hilo si kosa la kuchekwa, ni historia ya matumizi. Lakini mwanafunzi yampasa kuijua tofauti hiyo anaposoma maandishi ya pwani.

Kwa upande wa jiko, mengi yamo sokoni. Ndakala, au ndagala, wa Ziwa Tanganyika hushika vizuri nafasi ya ikan bilis, ingawa ni samaki wa maji yasiyo na chumvi na huenda wakawa na mchanga: waoshwe mara kadhaa, wakaushwe, watiwe chumvi kabla ya kukaangwa. Karanga, pilipili kavu, vitunguu na majani ya mgomba si vya kutafutwa mbali. Palipokosekana belacan, kijiko cha ndakala waliosagwa husaidia, japo hakina ule uchachu. Mawese yasitumiwe badala ya tui: yataleta rangi na ladha yake yenyewe, na wali utakaopatikana waweza kuwa mzuri, lakini hautakuwa nasi lemak. Tena, Lubumbashi iko karibu mita 1200 juu ya usawa wa bahari, ambapo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Wali uongezewe dakika tatu au nne za moto mdogo.

7. Hitimisho

Upishi wa nasi lemak wategemea kuelewa jambo moja: mafuta ya nazi hulindwa yasijitenge katika wali, na mafuta ya sambal hulazimishwa kujitenga. Mwenye kulishika hilo aweza kupika hata akikosa jani au kiungo kimoja. Kwa upande wa lugha, imeonekana kwamba maelezo yote yamewezekana kwa maneno ya Kiswahili, na majina ya Kimalei yamehifadhiwa tu pale ambapo kitu chenyewe ni cha Wamalei. Kukuna, kukamua, tui, chicha, kifumbu na kupalia si maneno ya kukaririwa kwa ajili ya mtihani. Mwalimu akileta nazi moja darasani, ikavunjwa, ikakunwa na kukamuliwa mbele ya wanafunzi, maneno hayo yatajieleza kwa saa moja kuliko yanavyoelezwa na kamusi kwa muhula mzima.